Emmanuel Amunike: winga wa fainali kubwa, kocha tuliyemhukumu kwa siku tisa za Misri

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa makocha wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa, unapoanza humu, jina la Emmanuel Amunike hutajwa kwa mojawapo ya namna mbili. Wapo wanaomkumbuka kama mtu aliyeturudisha AFCON, yaani fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39, na wapo wanaomkumbuka kama mtu aliyetufedhehesha Cairo. Mimi nilianza kumfuatilia mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, tulipokuwa tukijazana kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa na televisheni, na tangu wakati huo sijaacha. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba kocha tuliyemwona kambini mwaka 2018 ni yuleyule winga wa mwaka 1994, na kwamba yale tunayomsifia na yale tunayomlaumia yametoka katika shina moja.

Amunike alizaliwa tarehe 25 Desemba 1970 katika Jimbo la Imo, kusini-mashariki mwa Nigeria. Alichezea Julius Berger ya Lagos, kisha mwaka 1991 akaenda Misri kujiunga na Zamalek, klabu ambayo watu wa Msimbazi wanaijua vizuri kwa sababu Simba waliitoa kwenye Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 ikiwa bingwa mtetezi. Akiwa Zamalek alitwaa ubingwa wa ligi ya Misri mara mbili mfululizo, na mwaka 1993 akatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika, baada ya Zamalek kuifunga Asante Kotoko ya Ghana kwa penalti kwenye fainali. Naomba jambo hili lisipite haraka. Mchezaji huyu hakuchukuliwa na Ulaya akiwa mtoto. Alikomaa katika viwanja vya Lagos na Cairo, akisafiri kwa mashindano ya Afrika kama wanavyosafiri wachezaji wetu, na alipofika Sporting ya Lisbon mwaka 1994 alikuwa na umri wa miaka 23 na medali ya bara zima.

Mwaka huo wa 1994 ndio uliomfanya awe Amunike. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ilichezwa Tunis tarehe 10 Aprili, Nigeria dhidi ya Zambia. Karibu Afrika yote ilikuwa upande wa Zambia, kwa sababu haikuwa imetimia hata mwaka mmoja tangu ndege iliyobeba timu yao ianguke baharini karibu na Libreville, Aprili 1993, na Kalusha Bwalya alikuwa akiongoza kikosi kilichojengwa upya kutoka sifuri. Zambia walitangulia dakika ya 3 kwa bao la Elijah Litana. Dakika mbili baadaye Amunike akasawazisha, na mara tu baada ya mapumziko akafunga la pili. Nigeria ikawa bingwa kwa mabao 2-1, yote mawili ya winga wa kushoto.

Kwa nini winga wa kushoto ndiye aliyefunga? Swali hili lina jibu la kiufundi, na jibu hilo ndilo litakalotusaidia kumwelewa kocha. Nigeria ya Clemens Westerhof ilikuwa na mawinga wawili wenye kazi tofauti. Kulia alikuwapo Finidi George, mtu wa chenga na krosi, ambaye kila alipopata mpira mabeki wote waligeuza nyuso kumtazama. Katikati alikuwapo Rashidi Yekini, mtu mwenye nguvu aliyehitaji kukabwa na mabeki wawili. Amunike, kwa upande wake, alikuwa akifanya kazi kubwa wakati mpira uko mbali naye. Alikuwa akiingia ndani kutoka nyuma ya beki wa kulia wa wapinzani, akichagua sekunde ya kuondoka, na kutokea kwenye nguzo ya mbali wakati kila mtu ameshamsahau. Sidhani kama alikuwa na chenga nyingi kuliko mawinga wengine wa wakati wake. Alichokuwa nacho ni saa kichwani.

Tazameni mabao yake ya Kombe la Dunia la mwaka huohuo kule Marekani. Dhidi ya Bulgaria, timu ya Stoichkov ambayo baadaye ilifika nusu fainali, alifunga la tatu katika ushindi wa 3-0. Dhidi ya Italia, katika hatua ya 16 bora, ilikuwa kona, mpira ukamgusa Paolo Maldini na kudondoka, na aliyekuwa amesimama mahali sahihi ni Amunike. Nigeria iliongoza kwa bao hilo kuanzia dakika ya 25 hadi ya 88, Italia ikiwa na wachezaji kumi baada ya Gianfranco Zola kutolewa kwa kadi nyekundu, hadi Roberto Baggio aliposawazisha na kisha kufunga penalti katika muda wa nyongeza. Nilikuwapo katika ile nyumba ya jirani usiku ule, na bado naikumbuka kimya iliyotushika baada ya dakika ya 88. Mwishoni mwa mwaka CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilimtangaza Amunike kuwa Mchezaji Bora wa Afrika.

Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Agosti 1996, ikaja fainali ya Olimpiki katika mji wa Athens, Jimbo la Georgia, Marekani. Nigeria ilikuwa imeitoa Brazil kwa mabao 4-3 kwenye nusu fainali, kwa bao la dhahabu la Nwankwo Kanu, yaani bao la muda wa nyongeza lililomaliza mchezo papo hapo. Fainali ilikuwa dhidi ya Argentina ya Crespo, Ortega, Simeone na Zanetti. Argentina waliongoza mara mbili na Nigeria ikasawazisha mara mbili. Dakika ya 90 ikapatikana faulo. Mabeki wa Argentina wakakimbia mbele kwa pamoja ili kuweka mtego wa kuotea, na Amunike hakukimbia nao wala hakutangulia. Alisubiri, mpira ukapita juu ya mstari wao, naye akaumalizia kwa mguu wa kushoto huku wao wakiwa wameinua mikono kumlalamikia mwamuzi. Ikawa 3-2, na kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikatwaa dhahabu ya Olimpiki katika soka. Bao lile halikutokana na kasi wala chenga. Lilitokana na kujua ni lini usiondoke.

Katikati ya msimu wa 1996/97 Barcelona wakamchukua kutoka Sporting, wakati huo kocha akiwa Bobby Robson. Hapo ndipo goti lilipomkatili. Baada ya miezi michache ya kwanza aliumia vibaya, akafanyiwa upasuaji, akakosa Kombe la Dunia la 1998, na kwa miaka iliyofuata akawa mtu wa chumba cha matibabu katika klabu iliyokuwa ikitwaa ubingwa wa Hispania chini ya Louis van Gaal. Alikwenda Albacete, kisha Korea Kusini, kisha Jordan, na soka likaisha. Timu ya taifa aliichezea michezo 27 tu na kufunga mabao 9. Fikirieni vizuri: mtu aliyefunga katika fainali ya Afrika, Kombe la Dunia na fainali ya Olimpiki ndani ya miezi 28, na kazi yake yote ya kimataifa ni michezo 27. Naamini ukali wake wa baadaye kambini una asili yake hapa. Mtu aliyenyang'anywa miaka yake mizuri na goti hawezi kumwelewa kwa urahisi mchezaji mwenye miguu mizima anayechelewa kufika kambini.

Kazi ya ukocha aliianzia chini. Alifundisha Julius Berger na Ocean Boys nyumbani kwao, kisha akawa msaidizi wa Manu Garba katika timu ya vijana ya Nigeria iliyotwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2013 katika Falme za Kiarabu. Halafu akakabidhiwa timu yeye mwenyewe. Kikosi chake kilimaliza nafasi ya nne katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2015 kule Niger, ambako Mali walikuwa mabingwa, na kelele za kutaka afukuzwe zilikuwapo. Miezi michache baadaye, nchini Chile, timu hiyohiyo iliifunga Brazil 3-0 kwenye robo fainali, Mexico 4-2 kwenye nusu fainali, na Mali haohao 2-0 kwenye fainali ya tarehe 8 Novemba. Victor Osimhen alifunga mabao 10, rekodi ya mashindano yale, na Kelechi Nwakali akachaguliwa mchezaji bora. Osimhen ni yule kijana aliyekuwa akiuza maji kwenye foleni za magari Lagos na ambaye mwaka 2023 alitwaa tuzo ileile ambayo kocha wake aliitwaa 1994. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo pia Samuel Chukwueze, winga wa mguu wa kushoto, na sishangai kwamba aliyemlea alikuwa winga wa mguu wa kushoto.

Alipopandishwa kufundisha vijana wa chini ya miaka 20 hakufanikiwa, Sudan wakamtoa, na baadaye akaenda kufundisha klabu kule Khartoum. Agosti 2018 TFF, shirikisho letu la soka, ikamtangaza kuwa kocha wa Taifa Stars.

Sasa tufike kwetu. Hali aliyoikuta ni hii: katika kundi la kufuzu AFCON ya 2019 tulikuwa na Uganda, Cape Verde na Lesotho, na mchezo wetu wa kwanza, chini ya Salum Mayanga, tulitoka sare ya 1-1 na Lesotho pale Chamazi. Mchezo wa kwanza wa Amunike ulikuwa dhidi ya Uganda, kwenye uwanja wao wa Namboole, tarehe 8 Septemba. Kabla hata hajasafiri, aliwaondoa wachezaji saba kwa kuchelewa kuripoti kambini, sita wa Simba na mmoja wa Yanga, wakiwamo John Bocco na Erasto Nyoni. Mnakumbuka makelele yaliyofuata. Ilisemwa kwamba mgeni hajui Simba na Yanga ni nini katika nchi hii. Akaenda Namboole na waliobaki, na tukapata suluhu.

Nalitazama tukio lile kwa namna moja tu. Kwa miaka mingi Taifa Stars ilikuwa kambi ambayo klabu kubwa huamua mchezaji wake afike lini. Winga ambaye maisha yake yote yalitegemea kufika mahali kwa wakati aliona kwamba timu isiyoweza kufika hotelini kwa wakati haiwezi kufika kwenye nguzo ya mbali kwa wakati. Aliwaondoa, halafu, na hili ndilo watu hulisahau, akawarudisha bila kinyongo. Erasto Nyoni huyohuyo ndiye aliyefunga penalti dhidi ya Uganda mwezi Machi.

Safari yenyewe haikuwa nzuri. Tulifungwa 3-0 na Cape Verde kule Praia, tukashinda 2-0 Dar es Salaam siku nne baadaye kwa mabao ya Msuva na Samatta, kisha tukafungwa 1-0 na Lesotho kule Maseru na kila mtu akajua kwamba tumekwisha. Siku ya mwisho, tarehe 24 Machi 2019, Lesotho na sisi tulikuwa na pointi 5 kila mmoja, Cape Verde 4, na ilitubidi tuifunge Uganda huku tukiomba Lesotho wasishinde kule Praia. Uganda walikuwa wameshafuzu na hawakuwa wameruhusu bao hata moja katika michezo mitano. Nilikuwa jukwaani Uwanja wa Taifa. Jirani yangu alikuwa ameweka redio ndogo sikioni kwa ajili ya matokeo ya Praia, na kila baada ya dakika chache mistari mitatu ya watu ilikuwa ikimgeukia yeye badala ya kutazama uwanjani. Msuva akafunga la kwanza, Nyoni la pili, Aggrey Morris la tatu. Praia ikaisha 0-0. Mzee aliyeketi mbele yangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu mchezo uanze, alivua kofia yake na kuikumbatia kifuani.

Mara ya mwisho tulikuwa tumecheza fainali hizo mwaka 1980, na zilichezwa Lagos, nchini kwao Amunike. Rais Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu na kuwapa viwanja Dodoma.

Halafu Misri. Tarehe 23 Juni tulifungwa na Senegal 2-0, tarehe 27 na Kenya 3-2, tarehe 1 Julai na Algeria 3-0. Tarehe 8 Julai TFF ikatangaza kwamba mkataba umevunjwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Alikuwa na mkataba wa miaka miwili, na hakumaliza hata mmoja.

Nakaribisha michango, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, nimesoma andiko lako lote na nakuheshimu kwa kumbukumbu, lakini umemwandikia wakili wake. Kwanza, mwaka 1980 fainali zilikuwa na timu nane, na mwaka 2019 zilikuwa na timu 24 kwa mara ya kwanza. Tulifuzu tukiwa na pointi 8 katika michezo sita, nyuma ya Uganda kwa pointi tano, na tungekuwa katika mfumo wa zamani tungebaki nyumbani. Pili, nidhamu unayoisifia ilikuwa na upande wa pili. Ibrahim Ajibu alikuwa katika msimu mzuri sana wa kutoa pasi za mabao, na hakuwamo katika wachezaji 23 waliokwenda Misri. Jonas Mkude naye hakuwamo. Nchi nzima iliuliza, na kocha hakuona sababu ya kusikiliza. Tatu, dhidi ya Kenya tuliongoza mara mbili tukafungwa. Huyo ni kocha mwenye saa kichwani?

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu zangu wa Tanzania, niruhusuni niseme la upande wa pili wa mechi hiyo, kwa kuwa sisi nasi tulikuwa tumerudi AFCON baada ya miaka 15 na tulikuwa tumefungwa na Algeria 2-0 katika mchezo wa kwanza. Msuva alipofunga dakika ya 6 tulidhani tumekwisha. Michael Olunga alisawazisha dakika ya 39, na dakika moja baadaye Samatta akaturudisha nyuma tena. Kilichobadilisha mchezo, kwa macho yangu, ni kipindi cha pili, ambapo Tanzania walirudi nyuma kulinda bao na kuiacha Kenya ipige krosi na kona bila kubughudhiwa. Johanna Omollo alisawazisha kwa kichwa kutokana na kona, na Olunga akamaliza dakika ya 80. Samatta alibaki peke yake mbele. Sijui ilikuwa amri ya kocha au woga wa wachezaji wenyewe, lakini timu iliyokuwa ikitutisha ilikoma kutushambulia.

Nasi hatukufika mbali. Senegal walitufunga 3-0 na tukarudi nyumbani pamoja nanyi.

Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mwanza, umenibana mahali panapostahili, na sitakwepa.

Kuhusu timu 24, ni kweli kabisa, na sikupaswa kuacha kulitaja. Ila mfumo huo ulikuwa wa wote. Cape Verde waliofika robo fainali mwaka 2013 walikuwa katika kundi letu na wakamaliza mkiani, na mlango uliopanuliwa bado ulihitaji mtu wa kuupitia siku ya mwisho akiwa amefungwa Maseru. Sitadai zaidi ya hapo.

Kuhusu Ajibu, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba sifa na lawama zimetoka katika shina moja. Amunike alikuwa mchezaji wa kazi isiyo na mpira. Alipenda mawinga wanaorudi kukaba na viungo wanaokimbia, na kwa mtu wa namna hiyo mchezaji kama Ajibu, ambaye uzuri wake wote uko mguuni na ambaye hutembea timu inapopoteza mpira, ni vigumu kumwamini. Himid Mao na Mudathir Yahya walikuwa watu wake, nami naona alikuwa na haki ya kuwaamini. Lakini kwenda kwenye mashindano ya wiki mbili bila mtu hata mmoja wa kufungua ukuta wa mabeki kwa pasi moja lilikuwa kosa, na lilionekana dhidi ya Senegal, tulipokuwa tukimtegemea Aishi Manula kuokoa langoni huku mbele tukipiga mipira mirefu. Kule Chile alikuwa na Nwakali wa kupiga pasi hizo. Huku alikuwa na mtu wa kumkaribia na akamwacha nyumbani.

Ndugu wa Nairobi, ahsante. Nimeutazama tena mchezo ule mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu, na naona kama ulivyoona. Tulirudi nyuma mno. Nadhani tulikuwa bado na hofu ya mabao ya Senegal miguuni, na benchi halikutusaidia kutoka. Hapo nalaumu benchi, kwa sababu mabadiliko ya kuturudisha mbele yalichelewa.

Ninachokataa ni hukumu. Algeria waliotufunga 3-0 ndio waliotwaa kombe, na Senegal waliotufunga 2-0 ndio waliocheza nao fainali. Kundi letu lilitoa bingwa na mshindi wa pili. Kocha wa nchi iliyokuwa haijagusa fainali kwa miaka 39 alipewa kundi hilo, akafungwa, na wiki moja baada ya mchezo wa mwisho akawa hana kazi. Nigeria walimvumilia baada ya nafasi ya nne kule Niger, na miezi michache baadaye akawaletea Kombe la Dunia. Sisi hatukuwa na uvumilivu huo.

Mchangiaji, Unguja

Naomba niongeze jambo ambalo nyinyi wa bara mmelipita haraka. Yule mmoja wa Yanga aliyeondolewa kambini mwaka 2018 alikuwa Feisal Salum, kijana wetu aliyekuwa ndiyo kwanza amevuka maji kujiunga na Jangwani. Watu huku walikasirika sana, wakidhani ameharibiwa maisha mapema. Miezi kumi baadaye kijana huyohuyo alikuwa Misri katika kikosi cha Amunike. Kwa hiyo kauli ya mwanzisha uzi kwamba aliwaadhibu na kuwarudisha bila kinyongo ina ushahidi mwingine.

Swali langu ni hili: kama alikuwa kocha mzuri kiasi hicho, kwa nini baada ya hapo hakupata timu kubwa?

Mwanzisha uzi

Ahsante sana kwa kumbukumbu ya Feisal.

Swali lako ni zito. Baada ya kwetu alirudi Misri kufundisha Misr Lel Makkasa, kisha akaingia katika benchi la timu ya taifa ya Nigeria pamoja na Augustine Eguavoen, mwenzake wa kikosi cha 1994. Machi 2022 wawili hao walicheza na Ghana kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la Qatar. Kumasi ilikuwa suluhu, Abuja ikawa 1-1, na Ghana wakapita kwa bao la ugenini. Mlango ukafungwa tena, na safari hii hakufungwa hata mchezo mmoja.

Jibu langu, ambalo ni maoni yangu, ni kwamba Amunike ni mwalimu wa vijana kuliko kocha wa mashindano mafupi ya watu wazima. Mtoto wa miaka 16 akiambiwa afike saa moja hufika saa moja, na akiambiwa akimbilie nguzo ya mbali mara ishirini hukimbia mara ishirini. Mchezaji mzima mwenye klabu, wakala na mashabiki nyuma yake anataka kuelezwa, na wakati mwingine kubembelezwa. Sijawahi kumwona Amunike akibembeleza. Laiti TFF ingemwachia pia timu za vijana mwaka ule, badala ya kumpima kwa michezo mitatu, huenda leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nasema huenda.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, kwa hilo la vijana nakuunga mkono kwa moyo wote. Kwa Ajibu bado sijamsamehe. Lakini niambie, kuna kitu chochote alichotuachia, au aliondoka na kila kitu chake?

Mwanzisha uzi

Kipo, na nilikuwa nakihifadhi.

Alipokuja mwaka 2018 alipewa msaidizi mzawa, Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco. Alikuwa pembeni yake Namboole, Maseru, Uwanja wa Taifa siku ile ya Uganda, na Cairo. Januari 2024 tulipokuwa kwenye AFCON ya Ivory Coast, tulifungwa na timu ya taifa ya Morocco 3-0, kocha Adel Amrouche akafungiwa na CAF na kusimamishwa na TFF, na timu ikaachwa mikononi mwa Hemed Morocco siku chache kabla ya mchezo wa pili.

Mchezo huo ulichezwa San Pédro dhidi ya Zambia, wapinzani walewale wa Amunike wa mwaka 1994. Dakika ya 11 Samatta alimpasia Msuva, ambaye alikuwa ameingia ndani kutoka pembeni wakati mabeki wakimtazama nahodha, na Msuva akafunga. Patson Daka alisawazisha dakika ya 88, dakika ileile ya Baggio, na tukaambulia pointi yetu ya kwanza katika AFCON tangu tulipotoka sare na Ivory Coast kule Lagos mwaka 1980. Nilipolitazama bao lile la Msuva kwa mara ya pili sikumtazama tena yeye. Nilimtazama mtu aliyesimama kwenye mstari wa benchi letu, ambaye alikuwa ameshaanza kuinua mkono kabla mpira haujavuka mstari.